Shoga yangu Neema, hizo SP usiache kugawa

Muheza,
Jumapili jioni

Shoga yangu Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye machungwa na mvua. Sisi hatujambo, watoto wanaendelea na shule, mama mkubwa bado analalamikia magoti. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na kwa kuwa jambo lenyewe halimaliziki kwenye simu, nimeona bora nikuandikie.

Unauliza kwa nini mnaendelea kuwamezesha wajawazito SP, vile vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini vya kuzuia malaria, wakati kila mtu anajua vimelea vya malaria vimeshaizoea. Huyo daktari mgeni aliyewaambia mnapoteza muda simwiti mwongo. Kuna alichokijua na kuna kilichompita, na mimi ninayeshinda na makondo ya nyuma ya wazazi huku maabara nina haki ya kumjibu.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtu aliyekulia kwenye malaria huwa na kinga, hata akiugua haimlazi. Ni kweli, mpaka abebe mimba. Hilo lilijulikana siku nyingi, ila haikueleweka kwa nini mimba ya kwanza ndiyo inayoumia zaidi. Jibu lilitoka Kisumu. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliokuwa wakichunguza makondo ya akina mama wa magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya kwenye kondo la nyuma vina tabia yao. Chembe nyekundu za damu zilizovibeba hunasa kwenye kitu kinachoitwa kondroitini salfeti A, ambacho kimetanda pale kondo linapokutana na damu ya mama. Sasa fikiria binti wa mimba ya kwanza. Hajawahi kuwa na kondo, kwa hiyo mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya aina hiyo, hata kama ameugua malaria tangu ananyonya. Kinga yote aliyoihangaikia utotoni haivitambui. Akifika mimba ya pili au ya tatu, anakuwa ameshatengeneza kingamwili za kuvizuia visinase. Mwaka 2003 Ali Salanti na wenzake wa Denmark wakaipata protini yenyewe inayonasia, VAR2CSA, na ndiyo inayotumika kutafutia chanjo. Moja imejaribiwa Ujerumani na Benin, nyingine Ufaransa na Burkina Faso. Ni majaribio ya mwanzo, usimwahidi mtu.

Mimi kazi yangu ni ya chini kuliko hizo, lakini ndiyo inayonifanya niseme ninayosema. Kondo likifika nakata kipande kidogo upande wa mama, si upande wa kitovu, nakikausha kwa kitambaa cha gozi, nakigusisha kwenye slaidi mara kadhaa, halafu naipaka rangi ya Giemsa ili vimelea vionekane. Kwenye hadubini unaona vimelea vimesongamana, na pembeni yake zile punje za rangi ya kahawia zinazobaki hata baada ya vimelea vyenyewe kufa. Ukifungua kadi ya kliniki ya mama huyo huyo, MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria cha damu ya kidole, imeandikwa hana. Haikudanganya, Neema. Damu ya kidole ilikuwa na vimelea vichache mno kuonekana, vingine vyote vimejificha kwenye kondo. Mama hana homa, hana kichwa, anajiona mzima, kumbe damu inapungua na mtoto ananyimwa chakula. Anazaliwa na kilo 2.1 na watu wanasema kafuata ukoo wa baba yake.

Ndiyo sababu SP hatuigawi kwa kusubiri kipimo. Anapewa kila mjamzito, mgonjwa na asiye mgonjwa, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kwa kuachana mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu kabla hajajifungua.

Na usugu? Upo, na upo hapa kwangu kuliko sehemu nyingi. Bara tuliifanya SP dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 baada ya klorokwini kushindwa, na ilipofika 2006 tukaingia kwenye dawa mseto. Utafiti uliofanyika hapa Muheza na kuchapishwa 2009 ulitisha watu: akina mama waliotumia SP walikutwa na vimelea sugu zaidi kwenye kondo, tena vingi zaidi. Nadhani daktari wenu ameishia hapo.

Yaliyofuata ndiyo matamu. Watafiti wakasema basi tuibadilishe, tutumie dihydroartemisinini na piperakwini, ambayo bado ina makali. Wakaijaribu kwa wajawazito 4,680 wasio na VVU, Kenya, Malawi na huku kaskazini-mashariki mwa Tanzania, matokeo yakatoka 2023. Dawa mpya ilizuia malaria vizuri kuliko SP, kama ilivyotarajiwa. Lakini walipohesabu mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa wafu, njiti, wenye uzito mdogo na waliofariki wachanga, SP ndiyo iliyokuwa na matokeo mabaya machache zaidi: asilimia 23.3 dhidi ya 27.9. Na akina mama wa SP waliongezeka uzito zaidi. Yaani dawa inayoshindwa na malaria inawashinda wenzake kwenye kumtunza mtoto! SP huua na bakteria pia, huenda ndiko inakofanyia kazi, na hilo linaendelea kuchunguzwa. Kwa hiyo mpaka wakubwa watuletee kilicho bora, wewe wamezeshe vidonge vyao vitatu hapo hapo mbele yako, maji yenu yasikatike tu. Na asirudishwe nyumbani eti hajala. SP inamezwa hata tumbo likiwa tupu.

Angalia mambo mawili. Foliki, kile kidonge cha kuongeza damu, ikiwa ya miligramu 5 inaipunguza SP nguvu, ile ndogo ya 0.4 haina shida. Na mama mwenye VVU anayetumia dawa ya Septrini kujikinga na magonjwa usimpe SP kabisa, zikikutana zinaweza kumletea madhara makubwa. Huyo mtilie mkazo wa chandarua.

Umeuliza pia kama malaria ya kwenye kondo inaongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto VVU. Watafiti wenyewe walitofautiana. Rakai, Uganda, mwaka 2003 waliona inaongeza sana. Mwaka huo huo Mombasa hawakuona kitu. Mimi nisingepoteza usingizi kwa hilo tena, kwa sababu dawa za VVU zimeshabadilisha mchezo. Kabla ya dawa hizo, kati ya akina mama 100 wenye VVU, 15 hadi 45 walikuwa wanawaambukiza watoto. Kampala 1999 ikaonyesha kwamba nevirapini, kidonge kimoja kwa mama akiwa na uchungu na matone kwa mtoto, inapunguza maambukizi karibu nusu ukilinganisha na dawa nyingine, AZT, ya siku chache. Leo mama anameza ARV kila siku na ananyonyesha. Kilichothibitika ni kinyume chake: VVU inampokonya mama ile kinga ya mimba ya pili na ya tatu, akarudi kuwa kama binti wa mimba ya kwanza. Akina mama hao wa kwenu usiwahesabu kuwa wameshapata kinga.

Jambo moja linaniuma, nalo ni hili la kuchukua makondo. Mradi mmoja wa utafiti uliwahi kupita sehemu, sitautaja, wakawa wanamsainisha mama karatasi akiwa na uchungu, njia imeshafunguka sentimita nane. Nani anasoma karatasi sentimita nane? Wiki ya pili maneno yakazagaa mtaani kwamba makondo yanauzwa, bibi mmoja akaja kudai la mjukuu wake mlangoni kwa sauti ya juu, na alikuwa na haki. Mtafiti anahitaji kipande kidogo tu. Kinachobaki mama mkwe apewe akakizike anapotaka. Mradi ukija kwenu, ombeni ridhaa iwe kliniki, miezi kabla, na kwa Kisukuma ikibidi.

Nijibu kama stoo yenu ina foliki ya miligramu 5 au ile ndogo, maana ukisema ya 5 nitakupigia simu usiku huu huu. Na yule binti wa miaka kumi na saba uliyenieleza, aliyekuja kliniki mara moja akapotea, mtume mhudumu wa jamii akamfuate.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Mwambie Baraka jezi yake nimeipata, tatizo ni mtu wa kumletea.

Wako,
Mwanaidi