Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024

Wanachama wenzangu, wazee shikamooni, vijana mambo. Hii ndo taarifa ya mwaka ya chama chetu cha kusaka stesheni za mbali za redio ya AM usiku, ilikuwa niisome kwenye mkutano mkuu wa Disemba lakini tulifika watu 9 kwenye ukumbi wa watu 60, wa 10 alikuwa kwenye simu ndani ya trela lake huko Nebraska na alikatika mara 4, kwa hiyo akidi haikutimia na mi nimeona bora niiandike tu kila mtu aisome kwenye simu yake, maana simu hamziachi.

Mambo ya kawaida napita haraka mnayajua. Tulikutana ukumbini mara 3. Februari tulikuwa na usiku wa kusikiliza pamoja shambani nje ya Columbus, Ohio (dada mhazini Mungu akubariki kwa ile chai ya tangawizi, bila wewe tungegandia pale). Barua za kuomba stesheni zithibitishe kuwa tumezisikia zilienda 22, zikajibiwa 7. Tarehe 8 Aprili jua lilipopatwa tulienda Bellefontaine watu 5 gari 2, giza kamili likakaa karibu dakika 4, na stesheni ya 650 ya Nashville (namba ni masafa yake kwenye AM) ambayo mchana huku ni mnong'ono tu ikapanda saa tisa alasiri kana kwamba ni usiku, jua lilivyorudi nayo ikazama. Nilikuwa nimewaambia wiki mbili kabla itakuwa hivyo. Waliobaki nyumbani walinitumia picha za jua, ahsanteni.

Alafu 880 ya New York, ile ya habari masaa 24, kuanzia 26 Agosti imekuwa ya michezo na herufi zake zimebadilika kutoka WCBS kuwa WHSQ. Watu 3 wameniuliza kama inahesabika stesheni mpya kwenye daftari la mtu la stesheni alizosikia. Ndiyo inahesabika. Msiniulize tena.

Sasa nije kwenye lile jambo, maana najua wengi mnasoma hapa tu.

Mashindano ya nani kasikia stesheni nyingi zaidi, msimu wa Oktoba 2023 mpaka Machi 2024 yaliisha na kaka yetu mmoja (simtaji, anajijua, na namheshimu) akiwa na stesheni 212. Mi nilikuwa na 137. Nikakaa na katibu tukapitia daftari lake, si kwa wivu kama ilivyosemwa, ni kazi ya ofisi, na tukakuta stesheni 90 hakuzisikia kwa redio yake. Alizisikia kwa risiva (redio za kupokea mawimbi) za watu wengine zilizounganishwa kwenye intaneti, unabonyeza unasikiliza. Kuna 594 ya NHK Tokyo, redio ya taifa ya Japani, imeandikwa saa 8 mchana wa Ohio! Jua liko utosini, mtu yuko jikoni Columbus anakula, eti amepata Tokyo kwenye AM. Nilipomuuliza akasema sheria inasema "usiku" na Tokyo ilikuwa usiku. Jamani.

Ninyi ni wakongwe sihitaji kuwafundisha, lakini mchezo huu wote ni kwamba mchana lile tabaka la chini angani, la D, linameza mawimbi, jua likizama linaondoka, mawimbi yanapanda juu zaidi yanagonga yanarudi chini mamia ya maili mbali, na yanaangukia wapi inategemea wewe umekaa wapi na usiku wako ukoje. Ukiondoa mahali na ukiondoa usiku kinabaki nini? Ukibonyeza risiva iliyoko Japani aliyesikia ni ile risiva, wewe umepigiwa simu tu ukaambiwa.

Wanaomtetea wakasema mbona madereva wa trela wanahesabiwa, leo yuko Ohio anasikia KDKA ya Pittsburgh kesho yuko Utah anasikia KSL ya Salt Lake City, si na wao wanahamahama? Wanahama ndiyo, ila wanahama na mwili wao. Trela limeenda kweli na yeye yumo ndani, redio yake, masikio yake, saa kumi alfajiri anapigana na usingizi. Tofauti hiyo hata mtoto anaiona.

Wakasema pia sheria haikukataza intaneti na mwenyekiti amebadilisha goli mpira ukiwa umeshachezwa. Hili ndo limeniuma. Sheria tuliiandika 2016, mi mwenyewe niliiandika kwa mkono, nani angewaza? Haikukataza pia kunakili orodha ya stesheni zote za Marekani ukasema umezisikia, sasa kwa vile haikukataza tukubali? Na wanaosema apartment zina kelele za umeme zinazoziba redio nawaelewa, chaja, taa za LED, tivii ya jirani, kwangu pia ipo. Ndo maana Januari nilikuwa nashuka na redio ya betri mpaka paking saa sita usiku na ile lup yangu ya mbao (antena ambayo ukiigeuza inafifisha stesheni ya upande fulani) niliyoizungushia waya mwenyewe. Kwenye 800 hapa kwetu mnajua anayetawala ni CKLW ya Windsor, kilowati 50, iko hapo juu tu kaskazini. Nikazungusha lup pole pole mpaka Windsor ikafifia, vidole sivisikii, na chini yake ikaanza kutoka sauti ya Kispaniola inakuja inapotea, inakuja inapotea. Bonaire! Kisiwa kile kiko karibu na Venezuela. Ndiyo ina kilowati 440, siyo ndogo, lakini iko mbali na Windsor imeikalia kichwani, nilisimama pale dakika 50 mpaka nikapata jina la stesheni. Hiyo ni stesheni 1. Mwenzangu kwa dakika 50 ana 30, amevaa ndala.

Kuhusu kura ya Juni ya kufuta zile 90 nieleze vizuri maana imepotoshwa. Tulikuwa 11. Wakati wa kura mi nilitoka nje kwa sababu nina maslahi, nashukuru katibu ni shahidi. Zikatoka 5 kwa 5. Katibu akaniita ndani kwa kuwa katiba inasema kura zikilingana mwenyekiti ana kura ya uamuzi. Sikuitafuta hiyo kura, ilinifuata. Nikapiga, 90 zikafutwa, yeye akabaki na 122 na mi nikaonekana wa kwanza na 137. Zawadi ya dola 130 nilitaka kabisa kuirudisha chamani ila nilikuwa nimeshanunua betri na kebo, ambazo mwanachama yeyote anakaribishwa kuja kuzitumia. Na niseme hivi, usiku wa tarehe 10 Mei ile dhoruba ya jua ilipowapeleka wote nje kutazama anga jekundu, mi nilibaki na redio, Chicago kwenye 670 ikanywea Radio Rebelde ya Kuba ikakaa juu yake, na kwenye 950 Radio Reloj, nayo ya Kuba, na ile tiki tiki ya saa. Msimu ulikuwa umeisha. Sikujiandikia hata moja.

Tangu Juni kaka na wenzake 8 hawaji na hawalipi. Hapo mi siwezi kwenda kumpigia mtu magoti, ila mlango uko wazi.

Hesabu: tulianza na dola 412, ada 680, michango 135, jumla 1,227. Ukumbi 240, chakula 188, stempu na bahasha 46, kombe na zawadi 195, msiba wa mwenzetu 200. Zimebaki 358. Ada ni dola 40 kwa mwaka mzima, kwenye grupu tuko 46, waliolipa 17, yaani dola 1,160 ziko mifukoni mwenu. Wawili wamenunua magari ya umeme ambayo hayana AM kabisa alafu wananiambia hali ngumu. (Ule mswada wa kulazimisha AM kwenye magari mapya uliingia Kongresi 2023, mwaka 2024 umeisha haujapita, msiusubiri.)

Mwakani tunatarajia Mungu akipenda kupata eneo letu la kudumu la kufunga waya mrefu wa antena, kuna mtu ana shamba tunaongea naye. Sheria mpya ya risiva itaandikwa, pengine tuwe na makundi mawili, tutaona. Jua mwaka huu wa 2024 liko kwenye kilele cha ule mzunguko wake wa miaka 11, linavuruga mawimbi, kwa hiyo stesheni zikiwa chache msinilaumu na hilo pia.

Kombe liko kwangu kwenye kabati la vyombo. Anayetaka kuliona aje, ila aje na ada.