Si kila ndege mweusi anakula nyuki

Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa kilimo wa wiki iliyopita, ile habari ya maadui wa nyuki. Siafu sawa, nyegere sawa (nyegere ndiye anayetuumiza kuliko wote), lakini mlipofika kwa ndege mkaandika tu kwamba ndege weusi wanaokaa karibu na mizinga wafukuzwe au wauawe. Maneno hayo yameniuma, maana fikra hiyo hiyo imeshaua ndege asiye na kosa nyumbani kwangu.

Mimi ni mfugaji wa nyuki hapa Sikonge. Nina mizinga ya magome aliyoniachia marehemu mume wangu, na masanduku machache niliyoongeza mwenyewe. Mlamba, yule ndege mweusi anayekula nyuki, namjua. Anakaa kwenye tawi kavu mbele ya mzinga, mkia panda kama wa samaki, jicho jekundu, na nyuki akitoka anamdaka hewani kisha anarudi palepale. Hana woga, nimemwona akimkimbiza mwewe huku anamdonoa mgongoni. Sauti za ndege wenzake anaziiga mpaka unageuka kutafuta ndege ambaye hayupo. Huyo sikatai, nyuki anakula, ingawa sijaona mzinga wangu hata mmoja uliohamwa kwa ajili yake.

Mwaka jana mwezi wa kumi, miyombo ikiwa imechipua yale majani yake mekundu, mjukuu wangu alirudi kutoka porini, manati shingoni, ndege mkononi. "Bibi, nimempata yule mlamba wako." Nilimpokea bado ana joto. Mweusi kweli, ukimgeuza juani manyoya yanang'aa kibuluu. Lakini mkia haukuwa panda, ncha yake ilikuwa ya mviringo. Jicho halikuwa jekundu. Na kwenye pembe za mdomo, pale juu na chini panapokutana, palikuwa na kinyama cha manjano, kama mtoto aliyekula embe asinawe. Nikamwambia huyu si mlamba. Akanijibu, "Bibi, si mweusi huyu?"

Nikachukua kisu nikampasua kama ninavyopasua kuku. Firigisi ilikuwa imejaa viwavi, vingine bado vina vinyweleo vyake. Nyuki hakuwamo hata mmoja. Kijana hakusema neno. Baadaye nilimwona anachimba nyuma ya jiko, anamzika.

Jioni nilikwenda kwa jirani yetu, bwana nyuki mstaafu, mwenye kitabu cha picha za ndege wa Afrika Mashariki. Tulikaa na taa tukifunua kurasa, nami nikimtajia: mkia wa mviringo, manjano mdomoni. Akamwona. Jina lake la kitaalamu ni Campephaga flava, alilopewa tangu mwaka 1817. Mzee akanieleza kwamba neno la kwanza limetoka kwenye Kigiriki, maana yake mla viwavi. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimeviona viwavi vyenyewe kwa macho yangu mchana ule. La pili ni Kilatini, maana yake manjano. Manjano kwa ndege mweusi? Akanionyesha jike lake pembeni: mgongo wa kahawia, kifua cheupe chenye mistari myeusi, mbawa na mkia vina manjano. Kumbe jike huyo tunamwona kila msimu, tukidhani ni ndege mwingine kabisa!

Na kurasa chache mbele yuko mweusi wa tatu, mdogo kidogo, mdomo mwembamba, jicho jeusi, mkia uliokatwa sawa. Huyo ni mpole, anakaa kimya kwenye tawi la chini, akishuka ni kuokota mdudu ardhini. Mara nyingi yuko miti ileile aliyopo mlamba, ndiyo maana naye anapigwa.

Kwa hiyo naomba mrekebishe maelezo yenu. Mkia peke yake usitumike kuhukumu, maana hata mlamba anapobadilisha manyoya ile panda hupotea, na makinda yake hayajawa na jicho jekundu. Atazamwe anavyokula. Anayedaka hewani mbele ya mzinga ni mmoja; anayepenya taratibu ndani ya majani, akigeuza kichwa kukagua chini ya kila jani, anatuondolea viwavi kwenye mitundu na miyombo ileile inayotupa asali.

Bwana nyuki hakuwa na jina la Kiswahili la huyu mla viwavi, na kwa Kinyamwezi wazee niliowauliza hapa wamenitajia lile la mlamba tu. Wasomaji wa Urambo, Kaliua, Uyui na kwingineko, ninyi mnamwitaje? Mjukuu wangu anasubiri jibu, kwa sababu ameandika alama zake zote kwenye daftari na mstari wa jina bado uko wazi.

Mfuga nyuki,
Sikonge, Tabora