Barbara Castle naye atajwe

Mhariri,

Historia ya Kenya inapoandikwa, Waingereza wanaotajwa ni magavana na mawaziri wa makoloni. Mimi ningeanza na Barbara Castle, mbunge wa chama cha Labour wa Blackburn, Uingereza, kuanzia 1945 hadi 1979.

Mwaka 1955, hali ya hatari iliyotangazwa kwa sababu ya Mau Mau ikiwa bado inaendelea, mama huyu alifunga safari hadi Kenya kuchunguza kifo cha Kamau Kichina, aliyepigwa hadi kufa akiwa mikononi mwa polisi. Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo kambini Hola. Wakuu wakadai eti ni maji waliyokunywa! Castle alikuwa miongoni mwa wabunge waliokataa jambo hilo lifunikwe.

Kwao anakumbukwa kwa mengine. Akiwa Waziri wa Uchukuzi, ingawa mwenyewe hakuwa na leseni ya udereva, mwaka 1967 alileta kipimo cha pumzi kwa madereva walevi. (Wanaoilaani Alcoblow, kipimo kama hicho hapa Kenya, usiku wa Ijumaa wamjue.) Mwaka 1970 akapitisha sheria ya malipo sawa kwa wanawake, baada ya mafundi cherehani wa kiwanda cha Ford, Dagenham, kugoma 1968.

Alikuwa mkali, na wenzake chamani walimchoka; James Callaghan alipokuwa Waziri Mkuu 1976 alimwondoa katika baraza la mawaziri. Lakini mpole asingeuliza maswali ya Hola.

Machi ijayo mnapochapisha kumbukumbu za Hola, naomba naye mumpe aya moja.

Msomaji wenu,
Nakuru