Lori zito Kitonga: hatari iko kwenye breki

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madereva wenzangu wa barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Pale Mlima Kitonga, Iringa, nasikia utingo wakifundishwa kwamba lori lenye shehena hushuka kwa kasi kwa sababu ni zito. Sivyo! Mvuto wa dunia huongeza kasi ya kila kinachoanguka kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde, kiwe kizito au chepesi, mradi hewa isikizuie. Mwaka 1971, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya mwezini, ambako hakuna hewa, vikatua pamoja.

Uzito unatutesa wakati wa kusimama. Kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ni tungamo (wingi wa maada ya kitu) mara mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa mwendo), kwa hiyo lori la tani 30 linataka kani mara tatu ya lile la tani 10 ili lipunguze mwendo kwa kiwango kilekile. Ukiitafuta kani hiyo yote kwenye breki, zinapata moto na kuacha kushika. Ingieni gia nzito (namba ndogo) mkiwa bado juu, injini isaidie kuzuia gari. Nanyi wamiliki, msituzidishie mzigo.

Dereva wa malori,
Mafinga, Iringa