Shoga, gari limenigeuza fundi

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanahawa,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, watoto wazima, mama na magoti yake ni yaleyale. Najua unanisema kwa kukaa kimya tangu Idi. Lakini na wewe unanijua, nikinyamaza kuna jambo, na jambo lenyewe limeegeshwa hapa uani chini ya mwembe.

Nimenunua ile Corolla ya shemeji. Ndiyo, ileile iliyompeleka bibi harusi Chumbageni. Shemeji aliapa mbele ya dada kwamba gari halijaguswa na puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, tangu lishuke melini. Haya. Nikaanza na fenda ya mbele, lile bati la juu ya tairi, upande wa dereva, palipokuwa na kitone cha kutu kisichozidi ukucha. Nikapiga msasa namba 80 nitafute bati. Ikatoka nyeupe, ikaja praima ya kijivu, rangi ya chini, ikaja buluu! Halafu puti, puti, puti. Nikachomoa sumaku ya kwenye friji nikaibandika: ikaanguka. Kuanzia taa mpaka ukingo wa tairi, kila nikiiweka inaanguka. Na kibati cha gari kinasema rangi ni 040, nyeupe ya Toyota tangu kiwandani. Sasa buluu imetoka wapi kama si fenda ya mtumba kutoka gari jingine? Hilo ndilo halijaguswa!

Nimempigia simu, anacheka. "Funika tu shemeji, ukishapuliza rangi nani atajua?" Na kijana wa hapa mtaani naye anataka apulize Jumamosi, apanguse bodi kwa petroli, basi. Nimekataa. Petroli inaacha mafuta, na rangi ikikuta mafuta inajikunja, inaacha vidoa vya mashimo. Nimemwambia tutapangusa kwa thina, kitambaa kisafi, na si kile alichofutia mnyororo wa pikipiki.

Puti yote nimeikwangua mpaka bati, nikagonga bonde kwa nyuma, nikapaka puti mpya nyembamba. Joto la hapa, ukizidisha hadina, dawa ya kukaushia, puti inakauka hujaisambaza, kwa hiyo nachanganya kidogo kidogo juu ya kipande cha vigae. Kuisugua puti hakuna maji kabisa. Puti inakunywa maji kama sifongo, baadaye rangi inatoka malengelenge. Msasa wa maji unasubiri praima ikauke: namba 400, kisha 600. Na usipige kwa vidole vitupu, vinachimba mifereji usiyoiona mpaka rangi ing'ae. Mimi nimeufunga kwenye kibao. Watoto wamependa ile ya kupuliza rangi nyeusi nyepesi juu ya praima: ukisugua, panapobaki peusi ndipo pana bonde. Wanagombania kunionyesha "mama, hapa!" Kuku wa Mama Zai nao wana madoadoa meusi, amekuja kulalamika.

Taabu ni hewa ya bahari. Bati likilala wazi usiku mmoja, asubuhi limeshapiga manjano. Kwa hiyo paneli moja moja, na praima siku ileile. Mikono yangu, shoga, imeota magamba. Sijui hina ya harusi ya Asha itashika wapi.

Sasa shida yangu. Kaka Salehe bado ana kompresa, ile mashine ya upepo? Naomba aniazime pamoja na bunduki ya kupulizia rangi, au anikodishe, asione haya kutaja bei. Apakie basi la asubuhi pale stendi ya Magufuli, Dar, nitapokea mwenyewe. Tena aniwekee barakoa ya vichujio vya mkaa, maana hadina ya rangi si ya kuchezea, na hizi za kitambaa hazizuii kitu. Mwulize tundu la pua ya bunduki yake ni milimita ngapi: ya rangi nataka 1.3 au 1.4, ya praima iwe kubwa zaidi. Rangi inabaki nyeupe ileile, sitaki habari ya kwenda kubadilisha kadi ya gari.

Lakini shemeji… Pesa ya fenda nimdai, au ninyamaze? Nikidai, dada ndiye atakayenuniwa. Nikinyamaza, ataendelea kuapa. Boneti sijaigusa bado, naogopa nitakachokikuta. Wewe ungefanyaje? Na nimwambie mama? Na yule wa Buguruni karudi, au ndiyo basi tena? Utakuja kwa Asha?

Wako,
Rehema