Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi: Futeni kisanduku cha nne

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KITAMBAA KILICHORUDI NA MATUNDU MAWILI

Nianze na matundu. Kazi niliyoileta kwa ajili ya maonyesho yenu imerudi, na fomu yenu imebanwa juu yake kwa stepla. Haikubanwa kwenye bahasha, ilibanwa kwenye kitambaa chenyewe, pembeni, mahali ambapo mshono ulinichukua siku sita. Nilizing'oa pini kwa ncha ya sindano, taratibu, lakini uzi mmoja wa buluu ulikuwa umeshakatika.

Fomu ina visanduku vitano. Cha nne kinasema: "Si sanaa (kazi ya mikono)". Hicho ndicho kilichotiwa alama ya vema. Jina la aliyeamua hakuna, saini hakuna, hata nusu sentensi ya maelezo hakuna. Muhuri upo, tena umekolea.

Naomba unielewe vizuri, kwa sababu barua za watu waliokataliwa hufanana na husomwa kwa haraka. Sikuandikii ili kazi ipokelewe. Nimekataliwa mara nyingi na bado nakula na kulala. Mngeniambia rangi zinagombana ningekaa kimya, maana upande wa kushoto kweli zinagombana na nilikuwa najua tangu naishona. Mngesema haikuwapendeza, ningesema asante. Mngesema nafasi imejaa, ningeleta msimu mwingine. Lakini "si sanaa" ni neno la aina nyingine. Kazi mbaya inaweza kurekebishwa, na ladha ya mtu inaweza kubishaniwa. Anayeambiwa alichokileta hakimo hata kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwa vibaya, atashika wapi?

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Kitambaa changu ni kola 62 za mashati yaliyochakaa, zimefunguliwa, zikanyooshwa na kuunganishwa. Kila kola ina mstari wa jasho ambao sabuni haikuweza kuutoa, na hauko sawa kwa watu wawili. Kuna shingo zilizoacha alama nyembamba ya njano, nyingine zimeacha kahawia iliyokolea upande mmoja tu, labda upande wa kubebea mzigo. Nilizipanga ili mistari hiyo ikutane, na ukisogea nyuma hatua tano unaona vilima. Sasa, kabla ya kukikunja nilitia karatasi laini katikati ya mikunjo na kukifunga kwa kipande cha uzi mweupe. Kilirudi na karatasi ileile ikiwa palepale, na fundo la uzi ni langu, nalijua. Hamkukifungua, Mwenyekiti. Mlipapasa mkaona ni nguo.

Swali la nini ni sanaa limewahi kufika mahakamani, na lilishughulikiwa kwa adabu kuliko lilivyoshughulikiwa mezani kwenu. Mwaka 1926 sanamu ya Constantin Brancusi, mchongaji mzaliwa wa Romania aliyekuwa akifanya kazi Paris, iliingia New York kwa meli. Ilikuwa ya shaba iliyong'arishwa, ndefu na nyembamba, jina lake "Ndege Angani", na haikuwa na bawa wala mdomo. Sheria ya Marekani iliruhusu kazi za sanaa kuingia bila ushuru. Maofisa wa forodha waliitazama, wakaiweka kwenye fungu moja na vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, wakatoza asilimia 40 ya thamani yake. Walikuwa na pa kuegemea: uamuzi wa mahakama wa mwaka 1916 uliotaka sanamu iige vitu vya asili kwa umbo lake halisi.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1927, na sanamu yenyewe ililetwa mahakamani kama kielelezo. Mwenye mali, mpiga picha Edward Steichen, aliulizwa kama angeikuta msituni angeipiga risasi. Akajibu hapana. (Hata mimi ningemjibu hakimu hivyohivyo, ila nisingeweza kuzuia kicheko.) Mchongaji Jacob Epstein akaulizwa kama fundi hodari asingeweza kuitengeneza kwa tupa na kitambaa cha kung'arishia. Alisema fundi angeweza kuing'arisha, lakini asingeweza kuiwaza. Upande wa serikali nao ulileta wachongaji wawili, Robert Aitken na Thomas Jones, wakasema waziwazi kwamba kile kitu si sanaa. Novemba 1928 mahakama iliamua kwamba ni sanaa. Hoja yake kwa kifupi ilikuwa kwamba kumeibuka kundi la wasanii wanaojaribu kuonyesha mawazo badala ya kuiga maumbo, na kwamba majaji wawe wanawapenda au hawawapendi, watu hao wapo.

Wengi wanaosimulia kesi hii hufurahia hukumu. Mimi nawafikiria zaidi Aitken na Jones. Naona walikosea, lakini walisimama, wakataja majina yao, wakatazama kitu kilichokuwa mbele yao, wakaulizwa kwa nini na wakajibu. Laiti kisanduku cha nne kingekuwa na mtu kama Aitken nyuma yake, ningemwalika tubishane hadi usiku.

Wala usidhani hayo ni ya zamani. Mwaka 2010 Tume ya Ulaya iliamua kwamba kazi za msanii Mmarekani Dan Flavin, zilizoundwa kwa mirija ya taa za umeme, zinapopita mpakani zihesabiwe kuwa vifaa vya taa na kulipiwa kodi kama taa. Maelezo yao yalikuwa kwamba sanaa si kile kifaa, ni matokeo ya mwanga wake. Sawa, lakini mwanga haujawahi kupita forodhani ndani ya sanduku.

Turudi kwenye mabano yenu: "kazi ya mikono". Nimejaribu kufikiri ni kazi gani katika maonyesho yenu iliyofanywa kwa miguu. Neno lenyewe "sanaa" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kutengeneza, kazi ya ustadi. Mpaka leo neno la ukoo huohuo hutumika huko kumaanisha viwanda. (Sisi wenyewe siku hizi mtu akituzunguka tunasema ametufanyia usanii, lakini hiyo ni kesi nyingine.) Kigiriki na Kilatini cha kale navyo havikuwa na neno la kumtenga mchoraji na seremala, wote walikuwa na ustadi, tofauti ilikuwa kiwango. Ukuta mnaoulinda ulikuja kujengwa baadaye sana. Mwaka 1746 Mfaransa Charles Batteux alikusanya uchoraji, uchongaji, muziki, ushairi na dansi akaviita sanaa nzuri, vinavyotakiwa kupendeza tu. Sindano ilibaki nje kwa sababu shuka hufunika mtu.

Na tuseme ukweli nani aliyekuwa ameishika hiyo sindano. Shule ya sanaa ya Bauhaus ilipofunguliwa Ujerumani mwaka 1919 ilitangaza kwamba wanawake na wanaume ni sawa, kisha wanawake wengi wakaelekezwa kwenye karakana ya ufumaji. Mwanafunzi mmoja, Anni Albers, alitaka karakana ya kioo. Akapata kitanda cha mfumi. Miaka 30 baada ya shule kufunguliwa, mwaka 1949, jumba la sanaa ya kisasa la New York lilifanya maonyesho ya kazi zake peke yake. Kuna pia wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, ambao kwa vizazi walishona mablanketi ya viraka kutokana na nguo za shambani zilizochoka, ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Viraka ni vilevile, mshono ni uleule. Kitambaa tu ndicho kilichohama kutoka kitandani kwenda ukutani, na aliyekihamisha hakuwa mshonaji.

Utaniuliza: basi kila kitu kipite? Hapana. Wapo waliojaribu. Mwaka 1917 chama kimoja cha wasanii New York kiliahidi kuonyesha kazi ya yeyote atakayelipa dola 6, bila kamati ya kuchuja. Ikaja sinki ya kukojolea iliyosainiwa "R. Mutt", ujanja wa msanii Marcel Duchamp, ambaye alikuwa mmoja wa viongozi wa chama hichohicho. Waliikataa. Mimi siwalaumu kwa kuchagua. Kuta zina mwisho na macho huchoka. Chagueni, na muwe wakali. Ila semeni "tumechagua sisi", msiseme kamusi ndiyo iliyochagua.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Kisanduku cha nne kifutwe, na mahali pake pawe na mstari mtupu ambapo mtu ataandika sababu kwa mkono wake na kutia saini. Katika meza yenu ongezeni angalau mtu mmoja anayejua kutofautisha mshono wa kuvizia na mshono wa kukimbia, kama mlivyo na wanaojua rangi ya mafuta na ya maji. Na kila kinachofungwa kwa uzi kifunguliwe kabla ya kuamuliwa. Hili la mwisho ningeona aibu kuliandika kama lisingenitokea.

Uzi wa buluu nimeuunga. Matundu ya pini nimeyaacha, nikayazungushia mshono mdogo mwekundu ili yaonekane, na sasa ni sehemu ya kazi. Msimu ujao nitaileta ileile, imekunjwa vilevile, na fundo lilelile. Fomu, tafadhali, itieni ndani ya bahasha.

Wako,
Mshonaji wa kola 62