Kadi ya basi ya mzee haiishii mjini kwake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kutoka hapahapa Uingereza. Aliwashauri wazee wanaokwenda kutembelea watoto wao miji mingine waziache nyumbani kadi zao za kupandia basi bure, eti kila mji una kadi yake. Sina shaka na nia yake. Lakini najua wapo wazee walioisoma barua ile wakaitikia kwa kichwa, na kesho wakifika Leeds au Bristol watatoa pesa mfukoni kulipa nauli ambayo hakuna anayewadai.

Mimi nimeendesha basi Birmingham kwa miaka 23. Leo nina miaka 70, usukani nimeuacha, na kadi ninayo. Nimezikagua kadi hizi maelfu kwa maelfu nikiwa nimekaa kiti cha dereva, na sasa naionyesha yangu nikiwa nimesimama mlangoni. Kwa hiyo nisamehe nikiwa mrefu kidogo.

Kwanza nimtetee ndugu yangu, maana alichokisema kiliwahi kuwa kweli. Mwaka 2001 wazee wa England walipata haki ya nusu nauli. Aprili 2006 ikawa bure, ila ndani ya eneo la halmashauri yako tu. Miaka ile miwili iliyofuata ndiyo iliyotutesa sisi madereva. Kuna njia niliyokuwa nikiendesha ilivuka mpaka wa halmashauri, na mpaka wenyewe huuoni, ni barabara ileile na nyumba zilezile. Mzee kapanda vizuri, kakaa, kafungua gazeti lake, halafu mimi ndiye nimwambie kwamba akipita kituo fulani safari yake si ya bure tena. Wengine walikuwa wanashuka na kumalizia kwa miguu. Mvua au jua, wanashuka. Tarehe 1 Aprili 2008 utaratibu ule ukafutwa, na tangu siku hiyo kadi iliyotolewa na halmashauri yoyote ya England inapanda basi la kawaida popote England.

Alama ya kuangalia ni ua la waridi. Toa kadi yako, igeuze kwenye mwanga. Ukiliona waridi, hiyo ni kadi ya nchi nzima, haidhuru imeandikwa jina la halmashauri gani. Usipoliona, subiri, nakuja kwako.

Maana hapo ndipo uvumi wa "kila mji na kadi yake" unapozaliwa upya, na nimeuona ukizaliwa kwenye familia yangu mwenyewe. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi London na ana miaka 62. London ina ukarimu wake: mkazi wake akitimiza 60 hupewa kadi yenye picha inayompandisha basi bure, na hata treni za chini ya ardhi. Basi shemeji alikuja kwetu Birmingham, akatangulia kwenye basi kwa madaha, akaiweka kadi kwenye mashine. Mashine ikanuna. Dereva akamweleza kwa upole kwamba ile ni ya London peke yake. Shemeji akalipa, akaja kukaa, akasema kwa sauti ya basi zima kusikia, "Yaani kadi inayoingia mpaka chini ya ardhi inashindwa na basi la hapa?" Tangu siku ile akawa mhubiri. Harusini, msibani, kwenye simu, ni neno hilohilo: kadi za wazee ni za mjini kwako tu. Kumbe yake ndiyo ya mjini kwake, kwa sababu haina waridi. Sheria ya nchi inampa mtu kadi ya waridi akifikia umri wa pensheni ya serikali, ambao ni 66 na sasa unapanda kwenda 67. Zawadi ya kabla ya hapo ni ya jiji lake, na haitoki nje ya jiji.

Miezi michache baadaye tukaenda sisi kwake. Birmingham hadi London tulipanda basi la masafa marefu na tulilipa, kwa sababu basi ambalo viti vyake vingi vinawekwa nafasi mapema haliingii kwenye utaratibu huu. Tulipofika, shemeji akatupokea na moja kwa moja tukaenda kituoni. Basi jekundu likaja. Mke wangu akatangulia, akafanya kama tunavyofanya nyumbani, akaigusisha kadi kwenye ile mashine ya njano karibu na dereva. Taa nyekundu, na mlio ule unaofanya foleni nzima ikuangalie. Akaigusisha tena. Nyekundu. Nyuma yetu kijana mwenye spika za masikioni akahema. Shemeji akainama kwa dada yake: "Si niliwaambia?" Na mke wangu, ambaye kupiga kelele mbele ya watu kwake ni aibu kuliko kuibiwa, alikuwa tayari anafungua pochi atoe kadi ya benki alipe £1.75.

Nikamshika mkono. Nikanyoosha kadi zetu mbili mbele ya kioo cha dereva, upande wa picha na waridi. Dereva, binti mdogo kwa umri, akazitazama, akainua kidole gumba, akarudi kwenye kioo chake cha pembeni. Sekunde tatu, labda nne. Tukapanda ngazi kwenda juu, na shemeji kimya hadi kituo cha tatu.

Hili ndilo ambalo ningependa lichapwe kwa wino mweusi zaidi kama mtambo wenu unaruhusu: mashine za njano za London hazisomi kadi za waridi zilizotolewa nje ya London. Hazisomi. Taa nyekundu pale maana yake ni kwamba mashine haiielewi kadi yako. Haina maana kwamba umekataliwa. London unaionyesha kadi kwa dereva. Miji mingine unaiweka kwenye mashine, na ikigoma dereva ana kitufe chake cha kubonyeza.

Na tafadhali, huko ambako inasomwa, iache isomwe. Kuna wazee wenye haya wanaopitisha kadi juujuu na kukimbilia kiti. Mimi kama dereva wa zamani nitakueleza kwa nini isiwe hivyo. Kampuni ya basi haikubebi kwa sadaka. Inafidiwa, na anayeifidia ni mamlaka ya usafiri ya eneo ulikopandia, si ya kule unakoishi. Ukitoka Birmingham ukapanda basi York, ni York wanaohesabiwa safari ile. Safari isiyoandikwa ni safari ambayo huenda haitalipwa, na njia isiyoingiza kitu ndiyo ya kwanza kupunguziwa mabasi. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema hataki kuwa mzigo kwa mji wa watu. Nilimwambia mji wa watu umeshalihesabu hilo tangu 2008, na wazee wa mji huo wakija kwetu tunawahesabia sisi.

Sasa saa. Kwa sheria, siku za kazi kadi inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za mapumziko ni siku nzima. Halmashauri zipo zinazowaongezea watu wao muda, lakini hiyo ni nyongeza ya wenyeji, na mgeni asiitegemee. Madereva wa hapa wana jina la utani kwa wazee wanaojazana kituoni dakika tano kabla ya muda: huwaita "twirly", kwa sababu kila mmoja akipanda huuliza kwa Kiingereza cha haraka, "Am I too early?", yaani kama amewahi mno, na "too early" ikisemwa mbio husikika "twirly". Nilicheka jina hilo miaka mingi. Siku hizi nikiwa nimesimama kituoni natazama saa ya mkononi, silioni la kuchekesha sana.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna mtego wa ziada. Mzee mmoja tunayeswali naye alipewa maelekezo na mjukuu wake aliyezaliwa hapa. Kijana akasoma tovuti, akamtafsiria babu: "Babu, unaanza saa tisa na nusu." Babu akawa anakaa nyumbani asubuhi yote na kutoka baada ya alasiri. Karibu mwezi mzima! Alidhani serikali imewapa wazee jioni. Mnaowasomea wazazi wenu barua za halmashauri, geuzeni na saa pia.

Mambo mengine nayapitia haraka. Treni haimo. Mabasi ya wazi juu ya kutembeza watalii kwa kawaida hayamo. Tramu inategemea mji, na hapa niliponea chupuchupu. Kwetu West Midlands halmashauri zimeongeza treni na tramu za eneo letu kwenye kadi ya mkazi, nje ya saa za msongamano, na mimi nimezoea kiasi kwamba sifikiri tena. Nikaenda Manchester. Kutoka stesheni naona tramu imesimama, milango wazi, inapendeza. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani mke wangu aliponivuta koti. "Hapa si kwetu," akasema. Kweli, kwa mgeni wa Manchester kadi ni ya mabasi tu, yale ya njano, na kwenye tramu ningekuwa abiria asiye na tiketi nikiwa na mvi zangu zote. Nyongeza za nyumbani ziacheni nyumbani.

Jambo moja linaniuma, na hili si la madereva wala la kampuni, ni la wakubwa wa serikali. England, Wales na Scotland kila moja ina utaratibu wake. Wales walianza basi la bure tangu 2002, Scotland 2006, na kote kuwili mtu anaanza akiwa na miaka 60, saa yoyote ya siku. Mjukuu wetu anasoma Cardiff, huko Wales. Kutoka Bristol hadi Cardiff kwa treni haifiki saa moja. Unavuka mto Severn, unashuka, na waridi lako limenyauka. Dereva wa Cardiff aliitazama kadi yangu akaniambia kwa adabu kwamba ni ya England, nikamjibu najua, nilitaka tu kuhakikisha, nikalipa. Nyuma yangu akapanda mwanamume ambaye nywele zake zilikuwa nyeusi kuliko viatu vyangu, akaweka kadi yake ya Wales, akapita. Na yeye akija Birmingham atalipa vilevile. Kuna mabasi machache ya mipakani yanayokubali kadi za pande zote mbili, lakini ni ya kuulizia njia kwa njia. Kama wazee wa halmashauri zaidi ya mia za England waliweza kutambuana kwa siku moja ya Aprili, sioni kwa nini nchi tatu za kisiwa kimoja zishindwe kukaa meza moja. Nimemwandikia mbunge wangu. Amejibu kwamba amepokea barua yangu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyeandika, kama unasoma hii: ikague kadi yako. Angalia na tarehe ya mwisho iliyochapwa, maana kadi huisha muda wake na kuna wanaogundua hilo wakiwa mji wa watu. Kama una waridi na tarehe haijapita, ile nauli uliyolipa ulipokwenda kwa mwanao hukupaswa kuilipa. Siwezi kukurudishia, lakini safari ijayo ni yako.

Shemeji yangu nimempigia hesabu. Kwa mwaka aliozaliwa, zamu yake ya waridi itafika akiwa na 67, kwa hiyo bado ana miaka mitano. Mahubiri ameyaacha. Akija Birmingham hulipa kwa kadi ya benki, na tukipanda basi pamoja husisitiza mimi nitangulie. Nikiitoa kadi yangu, yeye hugeukia barabarani kana kwamba kuna mtu anayemfahamu anapita.

Dereva mstaafu,
Birmingham